Kiondo Ndani ya Sanduku la Profesa

Wiki jana nilikuwa kwenye maktaba moja hapa Machakos, inayohifadhi makaratasi ya marehemu profesa wa historia aliyetetea haki za wanawake. Karibu nami, mhifadhi alimfungulia nyanya mmoja kutoka kijijini Kivaa sanduku. Juu ya madaftari kulikuwa na kiondo, kikapu cha nyuzi, kilichosukwa nusu. Kibandiko chake kilisema: "Msusi hajulikani."

Nyanya alipapasa kitako cha kiondo kwa kidole gumba. "Huyu anajulikana. Ni mama yangu. Alikuwa anaanza na nyuzi mbili nyekundu. Profesa anauliza maswali, yeye anasuka."

"Susu, uko na karatasi yoyote ya kuonyesha?" mhifadhi akauliza, akimwita nyanya kwa Kikamba.

Hapa kwetu mtu bila karatasi ni uvumi tu. Nyanya akavua kiondo chake begani, akatoa miwani, leso na chupa ya maji, kisha akakipindua juu ya meza. Nyuzi mbili nyekundu.

"Alinifunza yeye."

Mhifadhi akachukua kifutio na penseli. "Aliitwa nani?"

Profesa aliwauliza wanawake swali hilo la jina maisha yake yote. Sisi tulipokea masanduku, swali tukaliacha mlangoni.