Mtungi Niliouanika Juani

Jumanne, tarehe 4 Juni 1912, mwaka mmoja kamili tangu mume wangu afariki, niliaibika mbele ya ndugu zake. Walikuja kwangu Mwaya kuamua kama naweza kuishi peke yangu, au nirithiwe na shemeji yangu.

Ili waone kwamba simhitaji mtu, nilikuwa nimefinyanga mtungi kwa mikono yangu. Jirani yangu wa kabila la Wakisi, mfinyanzi tangu utotoni, aliniuliza, "Mama, utauchoma lini?"

"Matofali ya misheni hayakuchomwa, na nyumba imesimama," nilimjibu, kwa kiburi cha mtu aliyejifunza kusoma ukubwani. Nikauanika juani siku tisa.

Wageni walipoketi, niliujaza maji nikijisifu. Shemeji akaomba sala ndefu. Kabla ya amina, maji yalinifikia miguuni. Nikazidi kufumba macho. Wifi yangu alipouinamisha mtungi ajimiminie, shingo ilibaki mikononi mwake, na mwili wote ukamwagika mkekani kama uji.

"Ndaga, wifi," alishukuru, akijifuta tope. "Kujitegemea kwako tumekuona."

Shemeji hakucheka. Alinyanyuka, akaenda kuketi kwenye kigoda cha marehemu.