Redio ya Kuonyesha Watu

Afadhali mnicheke mkiwa mmesikia kwangu, kabla mama mkwe hajawafikia. Nampenda sana, lakini hadithi tamu haiwezi kumkaa mdomoni.

Nilitoka Kasese mpaka Bwera kununua redio ya gari yenye skrini. Nikachagua ile kubwa kuliko zote, maana kwaya ilikuwa ikiimba ndani yake na kupunga vitambaa. Muuzaji, Mkongo mcheshi, akaniambia, "Papa, hii iko muzuri. Ukirudi, itakuonyesha batu."

Nikajua ana maana nikirudi nyumbani. Hata fundi wake alipoinama nyuma ya gari akifungafunga kitu juu ya namba, nilidhani ananipangusia vumbi. Nikamshukuru.

Jumapili nikawafuata wakwe zangu kanisani Kisinga. Nikamketisha mama mkwe mbele, aone binti yake hakuolewa na mtu wa mchezo. Baba mkwe alikuwa bado anaagana na wenzake. Nikawasha redio, skrini ikabaki nyeusi tii. Kwa aibu, nikaingiza rivasi nigeuze gari.

Papo hapo skrini ikawaka! Watu wamependeza, wanapunga mikono, wanarukaruka.

"Mama, tazama kwaya hiyo!" nikasema, huku narudi polepole. "Na yule mzee mwenye kofia, anacheza kuwashinda wote!"

Mama mkwe akainamia skrini, kisha akanishika mkono.

"Simamisha gari, mwanangu. Yule ni mume wangu, na hachezi. Anakukimbia wewe."