Vifaranga wa Zambarau

Mwewe wa mtaa wetu wa Mandewa hana haraka, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Mwizi wa kawaida akishaiba hukimbia. Huyu hukaa juu ya jiwe kubwa lililo nyuma ya uwanja wetu, anajichambua manyoya, ananitazama nikianua nguo, na nikiingia tu ndani kuweka beseni, anashuka. Nikitoka namkuta mtetea analia na unyoya unapeperuka. Yeye ameshapanda tena kwenye jiwe lake, anakula.

Sikuwa na kuku wengi. Nilikuwa na mtetea mmoja mwekundu mwenye kishungi, na huyo sikumnunua. Kijijini kwetu Mungaa, binti akihamia nyumba yake, mama yake humletea mtetea ndani ya tenga. Vyombo vinaweza kusubiri, hata kitanda kinaweza kusubiri. Kwa mama yangu nyumba isiyo na kuku ni kambi tu, mahali ambapo watu hulala na kuondoka. Alinikabidhi yule mtetea mlangoni, akasema nikae naye vizuri, nikaitikia huku nikiwaza mapazia.

Baadaye ugonjwa wa mdondo ulipita Mungaa ukafagia banda lote la mama. Alinipigia simu, sauti yake iko chini kabisa.

"Banda ni tupu," alisema. "Juzi nimepata mgeni. Nimempikia ugali na mlenda, akala, akashukuru. Mpaka leo naona aibu."

Nikamwambia siku hizi watu wanaelewa, mlenda ni chakula kama vyakula vingine.

"Mimi sijawahi kumlaza mgeni bila kumchinjia kuku. Hata mwaka wa njaa. Sasa sikiliza. Yule niliyekupa ndiye pekee aliyebaki wa ukoo ule. Nitotolee. Nikipata mitetea wawili na jogoo mmoja, nitaanza upya."

"Sawa, mama," nikajibu, kana kwamba amenituma sukari dukani.

Mtetea akaatamia nyuma ya gunia la mashudu ya alizeti na akatotoa karibu mayai yote. Nilimpigia mama kumpa habari, akapiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio. Laiti ningesubiri kidogo kabla ya kujisifu. Wiki haijaisha, nusu ya vifaranga walikuwa wamekwenda na mwewe.

Shida yetu ni kwamba mchana hatupo. Mimi ni fundi cherehani sokoni, mume wangu yuko kwenye mashine ya kukamua alizeti, na sote tunatoka asubuhi. Nikawafungia bandani kutwa nzima. Bati likapata moto, nikarudi nikawakuta wamelala midomo wazi, mmoja ameshakufa. Nikawafungulia. Mwewe akashukuru.

Na ushauri! Ukitaka kujua una marafiki wangapi, sema una shida ya mwewe. Jirani yangu wa upande wa pili wa ua wa minyaa aliniambia nitundike sidii zilizoharibika, mng'aro wake unamchoma macho. Nikatundika. Upepo wa Singida mnaujua, ulizizungusha siku mbili tatu, kisha ukazikata zote na kuzirusha shambani kwa watu. Mume wangu akasimika sanamu ya mtu, akaivalisha koti lake la zamani na kofia. Nilirudi jioni nikamkuta mwewe amekaa begani kwa lile koti. Mume wangu alisema angalau tumempunguzia safari. Mimi sikucheka.

Ndipo mteja mmoja, mama wa kutoka Iramba aliyekuja kupunguziwa gauni, akanipa dawa ya uhakika. Kwao, alisema, vifaranga wanapakwa rangi. Mwewe anajua kifaranga wa njano na wa kahawia, akiona wa zambarau anajua hicho si chakula. Maneno hayo yaliniingia. Mimi kazi yangu ni vitambaa, nani wa kunibishia kuhusu rangi?

Nilikwenda kwa wauza ukindu nikanunua rangi ya kufumia mikeka. Kila aliyewahi kukalia mkeka wa kwetu anaijua rangi hiyo. Mkeka utachakaa, utatoboka, utageuka wa kuanikia mtama, lakini rangi itakuwa palepale. Nikaikoroga kwenye maji ya vuguvugu, nikawachovya mmoja mmoja mpaka shingoni, nikawaanika juani kwenye ungo. Walipokauka walikuwa kama matunda ya mzambarau yenye miguu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nikawapeleka kwa mama yao. Mtetea aliwatazama, akavimbisha manyoya, akamdonoa wa kwanza kichwani. Nilidhani ni mshangao tu. Akamdonoa wa pili, kisha akawafukuza wote mpaka kwenye minyaa. Wao wakawa wanamrudia, kwa sababu sauti ni ya mama yao na wanaijua. Yeye haoni ila rangi. Wanakuja, anawapiga, wanalia, wanakuja tena. Nilitamani kumkamata nimtikise nimwambie ni walewale, mjinga wewe, ni watoto wako walewale!

"Mpake na yeye," mume wangu akasema.

Niliwaosha kwa sabuni ya mche. Rangi ilihamia kwenye viganja vyangu na kwao isipungue hata chembe. Nikiwa bado nimeinama kwenye beseni, mwewe akashuka pale kwenye minyaa, akanyakua wa zambarau mmoja, akaondoka naye bila wasiwasi wowote. Nilimrushia kandambili. Ikatua juu ya bati la jirani, na mpaka leo iko huko.

Jioni ile nililia kwa hasira. Halafu nikampigia mama, maana ilikuwa lazima ajue kwamba lile banda lake linaweza kubaki tupu kwa sababu yangu.

"Nakuja," akasema.

Alifika na basi la asubuhi, ana mfuko wa nguo na kigoda chake cha miguu mitatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wako wapi?"

Nilimwonyesha boksi lililokuwa karibu na jiko la mkaa, ambamo vifaranga waliobaki walikuwa wamejikunyata. Akawatazama. Akaitazama mikono yangu.

"Umefuma mkeka?"

Giza lilipoingia aliwachukua akawasukuma mmoja mmoja chini ya mtetea. Gizani hakuna zambarau, alisema, kuna joto tu. Kulipokucha mtetea aliwadonoa wawili kidogo, kwa kuzugazuga, kisha akachoka akaanza kuwachakuria chini ili wale. Mama akaweka kigoda katikati ya uwanja, akakaa. Bua refu la alizeti akaliegesha gotini, ungo wa kunde akaupakata. Dawa yake ilikuwa hiyo.

Macho yake hayafiki mbali siku hizi. Mwewe akikaa juu ya jiwe hamwoni. Alikuwa anamsikiliza mtetea. Mtetea akinyamaza ghafla na kuinamisha kichwa upande, mama anasimama, anainua bua na kumtukana mwewe kwa Kinyaturu, matusi ambayo sisi tungeyatamka utotoni tungelala njaa.

Nilikuwa narudi jioni nawakuta wote. Ningepaswa kufurahi, lakini ilinikera.

"Yaani ni kukaa tu, mama? Hakuna kingine?"

"Ulitaka kuwe na nini kingine?"

Siku moja nilirudi nikamkuta hajala. Alikuwa amesinzia mchana, akaamshwa na kelele za mtetea, kifaranga mmoja ameshakwenda. Hakunitazama. Alirudia, "Nimesinzia, nimesinzia tu," na nilipomwambia kwamba mimi nimepoteza wengi kuliko yeye, hakucheka. Kesho yake alihamishia kigoda juani, kusudi asipate usingizi. Nilimwambia atapata kichwa kuuma. Akaniambia niende kazini kwangu.

Wakakua. Manyoya ya kweli yakaanza kusukuma yale ya zambarau, wekundu huku, madoadoa kule, mpaka rangi yangu ikabaki kwenye ncha za mabawa. Na mimi nikawa nimezoea mambo mengine. Nakuta moshi jikoni. Nakuta redio inazungumza na mtu anaijibu. Nakuta jirani amekaa kwetu, anacheka, yeye ambaye miaka yote tulisalimiana juu ya minyaa tu. Nikaanza kuwatazama wale kuku kwa kinyongo kila walipoongezeka ukubwa. Nilimwambia mama asubiri mvua zipite. Nilimwambia Mungaa baridi, Mungaa mbali, Mungaa hana mtu.

"Wakishakua nikae hapa nifanye nini?" aliuliza. "Niwatazame nyinyi mkiondoka?"

Siku ya kuondoka alileta tenga. Akaingiza mitetea wawili na jogoo, kama alivyokuwa ameniagiza kwenye simu, na mwingine mmoja wa ziada, ndio wote waliokuwa wamebaki. Nilidhani amemaliza. Akaenda nyuma ya gunia la mashudu akarudi na yule mtetea mwekundu kwapani.

"Mama, huyo ni wangu. Ulinipa mwenyewe."

"Nilikupa ukae naye."

"Nakaa naye."

"Mchana hapa hakuna mtu," alisema, taratibu, bila ugomvi, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. "Nikimwacha, nani atakaa naye?"

Akamwingiza kwenye tenga. Nikahisi uso unawaka. Miezi yote ile, sidii, koti, rangi, machozi, na sasa nanyang'anywa kuku kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia:

"Na wewe kule nani atakaa na wewe?"

Mama alikuwa amepiga goti, anafunga mdomo wa tenga. Hakuinua kichwa.

"Hawa," akasema, akakaza kamba.

Saa za kazi zilikuwa zimefika, wateja wangu walikuwa wanasubiri nguo zao, na ilinibidi nifunge mlango.