Mkia wa Moshi Juu ya Nyakunguru

Zamani kilima cha Nyakunguru kilichomwa na wazee kwa pamoja, majani yakiwa bado na ubichi, ili kupe wafe na malisho yachipue. Siku hizi mwenye kiberiti na uchu wa dhahabu huchoma peke yake, katikati ya kiangazi.

Mzee Nyamhanga, mfugaji, aliwachukia wachimbaji wa dhahabu, lakini alimchukia zaidi Ogola, mchoma mkaa wa chini ya kilima. Kwa hiyo moto wa Agosti ulipoteketeza malisho na mihogo ya mjane Verdiana, hakujisumbua kuuliza. Alisimama katika ritongo, kikao cha wazee, akachomeka fimbo yake ardhini.

"Aliyewasha asipewe moto wala maji kijijini hapa. Akifa, asizikwe na mtu. Na aliyewasha ni huyu Mjaluo na tanuru lake!"

"Omera, ndugu yangu, mzee mzima unaropoka," Ogola akajibu. "Tanuru langu lilikuwa limezimwa. Wewe una hasira kwa sababu nafukuza ng'ombe wako shambani kwangu."

"Basi picha ya angani itakuumbua!"

Nyamhanga alikuwa amesikia redioni kwamba kule Ikoma kuna watu wanaofuatilia moshi kwa setilaiti. Alishikilia waitwe. Wazee wakakubali, na hukumu ikapita vilevile alivyoitamka. Ilibaki kumpata aliyewasha tu. Fimbo iliyochomekwa kikaoni ilishikilia hukumu; aliyeweza kuing'oa ni yule tu aliyeichomeka, na kwa kuing'oa angejitangaza mwongo mbele ya watu.

Akaja binti mmoja kutoka Ikoma, Lilian, na kompyuta yake.

"Shikamooni wazee. Moshi ndio huu, kama mkia. Upepo wa mashariki uliusukuma kuelekea ziwani. Tukiufuata kurudi nyuma, tunafika ulikoanzia." Akagusa kioo. "Asubuhi hakuna kitu. Mchana unaanzia hapa juu, kwenye miamba. Kwa Ogola moto ulifika siku ya pili."

"Kwenye miamba anachimba nani?" Verdiana akauliza, ingawa kila mtu alijua. Walichimba Heche na Mokami, wana wa Nyamhanga.

"Picha haionyeshi mtu," Nyamhanga akasema.

Ogola akacheka mpaka akakohoa. "Juzi ilikuwa iniumbue mimi, leo imekuwa kipofu? Haya, ng'oa fimbo yako, mzee wangu, tukuone."

Heche akasimama nyuma ya watu. "Baba, tulitaka majani yaondoke tuuone mwamba. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kuchoma."

"Niliwafundisha kuchoma na wenzenu! Wenzenu walikuwa wapi? Matawi ya kuzimia moto yalikuwa wapi?"

Mokami akatema mate. "Wenzetu wako mashimoni, wanatafuta chakula. Wewe kaa na kupe wako."

Watu wote waliitazama fimbo. Nyamhanga aliitazama pia, kisha akamtazama yule binti na mashine yake, akatazama meno ya Ogola. Akaenda nyumbani, akaiacha fimbo pale pale, hukumu ikiwa imesimama.

Jioni wanawe walikuja jikoni kwa mama yao, Rhobi, kuomba kaa la moto wapike kambini. Rhobi alikuwa ameshika koleo tayari. Nyamhanga akasimama mlangoni.

"Hapa hakuna moto."

"Wanao hawa, Nyamhanga," Rhobi akasema.

Nyamhanga hakutoka mlangoni. Mokami akabeba sululu, Heche karai, wakapanda bodaboda moja kuelekea Sirari. Kwenye kona iliyoungua, majivu yalitimka nyuma yao, naye Nyamhanga akasimama akiyatazama mpaka yakatulia barabarani. Hakuwaona tena.