Niliigiza sini ya wapenzi waliokutana baada ya miaka, kumbe mwenzangu hakuwa anaigiza

Wakuu, kwema? Mlioko makazini, mlioko kwenye foleni, na mliojifungia chooni mnasoma nyuzi, wote nawasalimu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Leo naliweka hapa jambo langu. Sitaongeza chumvi, maana lilivyo tu linatosha. Nimebadilisha majina, mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mie ni kijana wa Chamazi. Shule niliishia form four, matokeo naomba tusiyaongelee. Kazi yangu ni kubandika protekta na kuuza makava ya simu, ila ndoto yangu tangu mdogo ni movie. Nikipita mbele ya kioo lazima nijaribu sura ya huzuni. Mama alishawahi kuniuliza kama nipelekwe nikaombewe.

Tuna kikundi chetu cha sanaa, kiongozi ni Braza Sele. Ana kamera moja na maneno mengi. Script hana, hajawahi kuwa nayo. Yeye kila msanii anamvuta pembeni, anampa sini yake, yaani kipande chake cha kuigiza, kwa mdomo, na wewe hujui mwenzio kaambiwa nini. Mkikaa mbele ya kamera ndio mnaanza kujibizana. Anasema hivyo ndivyo sura zinavyoshtuka kweli.

Hapo kwenye kuvutana pembeni ndipo nilipopatikana mie.

Sasa akaja na movie mpya. Wapenzi wa zamani wanakutana baada ya miaka, wanakaa mezani, wanaongea. Basi. Hakuna ngumi, hakuna mganga, hakuna mama mkwe.

Nikamuuliza, "Braza, nani ataangalia watu wanaongea tu?"

"Wewe ongea vizuri, wataangalia."

Akaweka status kwamba anatafuta dada wa kucheza na mimi. Aliyejibu ni Neema.

Wakuu, Neema nilikuwa naye kweli, sio kwenye movie. Alikuwaga kikundini kwetu enzi hizo tunafanyia mazoezi Temeke. Baba yake mwalimu, watu wa Songea. Alikuwa ananiita Mandoto, kwa sababu kila nikikaa naye nilikuwa namwambia ndoto zangu. Jioni tulikuwa tunakaa kibarazani kwao, anashika simu yangu, ananisomea nyuzi za humu humu ndani kwa sauti, tunacheka comments mpaka mama yake anagonga dirisha.

Halafu ghafla familia ikarudi Songea. Namba yake haikupatikana tena. Nikajua nimeachwa. Nililia kidogo, nikaendelea na makava. Baadaye nikasikia kaolewa, yuko Boko na mumewe.

Kwa hiyo alivyojibu ile status nilifurahi kama mjinga. Braza Sele naye akafurahi: "Nyie si mlikuwaga mnapendana? Tumieni hiyo hiyo."

Tulienda kushuti Kimbiji, kwenye banda la mama mmoja anayeuza chai na vitumbua. Barabara ilitutikisa mpaka kamera ikawekewa mto. Neema alikuja amejifunga kitenge, amekonda kiasi, ila kicheko kilikuwa kile kile. Tukasalimiana kwa adabu, maana ni mke wa mtu.

Sini za mwanzo zilienda vizuri. Unaishi wapi siku hizi, mbona umenenepa, bado unakula chipsi kila siku. Watu wa pale walijaa kutuangalia, bibi mmoja akamwambia Neema, "Mwanangu, huyu usimrudie, ana macho ya uongo." Tulicheka wote.

Kabla ya sini kubwa Braza Sele akanivuta pembeni. "Hapa wewe una hasira. Uliachwa. Chochote atakachosema, usiamini. Mkatae kabisa. Nataka watu wakuchukie." Neema, nilikuja kujua baadaye, aliambiwa: "Toa chochote ulichonacho moyoni."

Kamera ikawaka.

Neema akavuta kiti karibu na meza. Kisha akasema, "Mandoto, niliondoka nikiwa na mimba yako."

Kwenye movie mie naitwa Alvin. Nikajua kateleza jina. Nikakaza sura kama nilivyotumwa.

Akaendelea, haangalii kamera, ananiangalia mie. Akasema baba yake alimnyang'anya simu. Akasema alizaa mtoto wa kiume, mwenye kitundu kidogo juu ya sikio kama changu. Akasema alianza kutembea, kisha homa ikamshika, na wakamzika nyuma ya nyumba ya babu yake kwenye mvua.

Halafu akaniuliza, "Ningepata namna ya kukwambia, ungekuja?"

Wakuu, moyoni nilikuwa nawaza huyu dada anajua kuigiza, lazima nimfikie. Nikaegemea kiti, nikacheka kidogo, nikasema:

"Nije kumzika mtoto wa nani?"

Neema akauliza taratibu, "Ndio jibu lako?"

Nikasema, "Ndio hilo hilo."

"Cut!" Braza Sele aliruka kama timu yake imefunga. Alinikumbatia. Alisema tangu aanze kazi hajapata sini kama ile.

Niliomba nijione. Akarudisha clip, nikainama kwenye kioo cha kamera. Nilikuwa najiangalia mie, naomba Mungu anisamehe, nilikuwa naangalia sura yangu ilivyotoka. Ndio nikaona sura ya Neema baada ya lile neno. Wasanii tunajua, ukimaliza kusema uchungu uso unashuka. Wake haukushuka. Ulizimika.

Nikakumbuka ameniita Mandoto. Nikashika sikio langu. Siku ile nilivaa kofia ya kusuka mpaka masikioni, Alvin alitakiwa aonekane katoka Ulaya. Kile kitundu hakuna mtu angeweza kukiona, kwa hiyo hakuwa anamsema Alvin, alikuwa ananisema mie.

Nilitoka mbio. Alikuwa anapanda boda.

"Neema, ile ya mtoto ni kweli?"

"Si tumeshashuti? Braza wako kasema safi."

"Neema, nakuuliza, ni kweli?"

Akaweka kitenge vizuri. Akasema, "Mie ni mke wa mtu, siwezi kukuita mahali tukae tuongee. Nikaona hapa tutakaa mbele za watu, hakuna atakayeuliza. Nilitaka jibu moja tu, nimelipata." Akamgusa dereva bega. "Kaka, twende."

Nilimwita. Vumbi la Kimbiji mnalijua.

Niliomba namba yake kwa Braza Sele. Akasema, "Mke wa mtu huyo, usinitafutie kesi." Nikamwomba afute ile sini. "Unataka niing'oe movie moyo?"

Upepo ulikuwa umeharibu sauti sehemu kadhaa, tukaitwa kurudia kurekodi sauti, kwenye chumba cha Braza Sele kilichozungushiwa magodoro. Niliamka na furaha, nikijua Neema atakuja na nitamwambia. Hakuja. Aliletwa dada mwingine wa kuiga sauti yake.

Yule dada akaiga, "Ungekuja?" Mie nikajibu la kweli, lote. Akavua headphone akasema, "Kaka, mdomo wako kwenye clip hausemi hivyo. Na mbona unalia, hii sini wewe hulii."

Braza Sele akaacha sauti ile ile ya Kimbiji, na upepo wake.

Movie imetoka. Ile clip imesambaa. Ndoto yangu imetimia wakuu, mie najulikana. Nikipita karibu na uwanja siku ya mechi, watoto wananipigia kelele: "Nije kumzika mtoto wa nani?" Wanacheka, wanataka selfie. Napiga nao, nisemeje.

Nilichojifunza ni kwamba mtu akikuita jina ambalo analijua yeye peke yake, acha kila unachofanya umsikilize, hata kama dunia nzima inakupigia makofi. Na kama ungekuwa wewe, ungefanyaje? Kwenda Boko nikamharibie ndoa siwezi, Songea nyumba ya babu siijui. Nipeni mawazo, hata matusi leteni. Ila lile neno la kwenye clip naomba msiniandikie hapa.

Nimeandika humu kwa sababu Neema alikuwa anasoma nyuzi za humu bila akaunti. Labda bado anasoma.

Neema, jina la mtoto wetu sikukuuliza. Hilo ndilo linalonitesa kuliko hata neno nililosema.

Ningekuja. Ningekuja hata nyuma ya lori la mahindi, na hiyo mvua ningeipokea na wewe.