Wadi Nzima Inamwombea Mama Asiyeumwa

Mama yangu ni buheri wa afya. Jana asubuhi alibeba gunia la kabichi sokoni Kalerwe, peke yake. Lakini wadi nzima ninamojifunza ukunga inamwombea apone, kwa sababu mimi niliwaambia ana ugonjwa wa moyo.

Nimekosa, jamani! Acheni nieleze tangu mwanzo.

Chuo kilinipangia mazoezi katika hospitali ndogo huko Kitgum, mbali kaskazini. Waliotutangulia walisema huko ndiko unakofundishwa kweli: wakunga wachache, kazi tele, na mwanafunzi anazalisha mwenyewe huku mkunga akimsimamia. Lakini mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, nimekulia hapa Kampala. Nikafikiria maisha bila saluni yangu ya Lubaga, bila marafiki zangu wa Kyambogo. Banange! Nikaona giza.

Nikaandika barua: mama ni mgonjwa wa moyo, hana mwingine wa kumtunza. Baba na kaka zangu wanne niliwafuta kwa kalamu moja. Chuo kikanihurumia, kikaniacha mjini.

Mji ni mtamu, sikatai. Ila wanafunzi tumejaa, tunazunguka kitanda kimoja kama watu wanaotazama ajali. Anayempokea mtoto ni mmoja. Mimi nashika tochi. Miezi saba, tochi! Kila mtoto ninayempokea lazima aandikwe katika kitabu changu, na kisipojaa sifanyi mtihani. Mpaka leo kurasa zake ni nyeupe kuliko sare yangu.

Wiki iliyopita akanipigia Akello, mwenzangu aliyekwenda Kitgum.

"Huku akina mama wawili wamewapa watoto wao jina langu," akasema. "Na wewe dada, umezalisha nini huko mjini? Picha za simu?"

Alicheka mpaka akakohoa.

Kesho yake nikaenda kwa Sista, msimamizi wetu, kumwomba anisaidie nihamie Kitgum kwa miezi iliyobaki.

"Na mgonjwa utamwachia nani?" akauliza.

"Amepata nafuu, Sista."

"Mwanangu, moyo si mafua. Nimwone kwanza kwa macho yangu, ndipo nitie sahihi." Akawageukia wanafunzi wenzangu waliokuwa karibu. "Hivi ninyi, mwenzenu anauguza miezi yote hii, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kutoa pole? Hamwoni aibu?"

Waliona aibu. Sasa wamekusanya sukari, sabuni na mapapai mawili. Mmoja ameniuliza kwa upole kama mgonjwa bado anaweza kutafuna. Mama yangu huyu, anayemenya muwa kwa meno!

Ninyi mnaosubiri kupangiwa, nendeni mnakofundishwa. Siku mzazi atakapopiga kelele mbele yako, uzuri wa mji hautakushika mkono. Na mkishindwa kabisa kusema kweli, msimlaze mama yenu kitandani. Kwetu mgonjwa hutembelewa, hata yule wa kubuni!

Wanakuja kambini kesho, saa nane mchana, na Sista yuko mbele yao. Mama amerudi kutoka sokoni sasa hivi, anaimba jikoni. Bado hajui kwamba anaumwa.