Wiebke, Mlinzi wa Mabehewa ya Mbele, na Siku Aliyokaa Nyuma

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, treni kutoka mjini inaingia kituo cha Ohlsdorf, Hamburg, na Wiebke Harmsen (54), mfanyakazi wa kituo, tayari anatembea kando yake akigonga vioo kwa kiganja.

"Uwanja wa ndege, mabehewa matatu ya mbele! Wewe kaka mwenye sanduku, hapo unakwenda Poppenbüttel! Toka, kimbia!"

Kaka anakurupuka. Hapa treni inakatwa vipande viwili. Cha mbele kinaondoka na wasafiri wa ndege, cha nyuma kinawapeleka watu majumbani, upande wa Poppenbüttel. Kila siku kuna anayekaa kipande kisicho chake. Mimi mwenyewe, na miaka yangu ishirini na miwili mjini hapa, imenikuta mara mbili.

Lakini yaliyomkuta Wiebke, jamani, yaliniacha mdomo wazi.

Mei mwaka jana kaka yake, Detlef, alikuwa anahamia Kanada. Walikuwa hawasemeshani miaka kumi na mmoja, tangu wagombanie nyumba ya marehemu mama yao. Namba yake ya simu Wiebke hakuwa nayo. Ujumbe ulipitia kwa binamu yao, Antje: akitaka kuagana nami, nitakuwa uwanja wa ndege, mlango wa ukaguzi, mpaka saa nne asubuhi.

"Nilivaa gauni," anasema. "Nikanunua na maua. Mimi huyu, gauni!"

Alipanda treni katikati ya mji, akaenda kukaa nyuma. Kwake ni Poppenbüttel, na kwa miaka kumi na tisa akitoka mjini hukaa nyuma bila hata kufikiri.

Kituoni Ohlsdorf, mwenzake wa kazi, Torben, alipita akigonga vioo na kupaza sauti. Wiebke akampungia mkono. Kisha akamgeukia bibi mmoja mwenye mabegi mawili: "Mama, hapa siyo, hamia mbele upesi!" Begi moja akambebea mpaka mlangoni. Akarudi kukaa.

Nikamkatiza. "Ukarudi kukaa?"

"Nikarudi kukaa! Nikakitazama kipande cha mbele kinaondoka, nikasema moyoni, masikini, kuna mtu leo ataachwa."

Alishtuka alipoona kibao cha Kornweg, kituo kinachofuata. "Nilipiga yowe mpaka mbwa wa mtu akaanza kubweka."

Alirudi, akasubiri, akabadilisha treni. Saa nne na dakika kumi na mbili alisimama mlango wa ukaguzi na maua yake. Detlef alikuwa ameshaingia ndani.

Antje akampatia anwani, naye akaandika barua ya kueleza kila kitu. Jibu lilikuwa mistari miwili. Ameniruhusu niisome: "Hamburg nzima mtu yeyote anaweza kukosea treni ile, isipokuwa wewe. Ungesema tu kwamba hukutaka kuja."

Nikamrudishia barua.

"Hata mimi nisingeamini," anasema Wiebke. Miezi minne hakula vizuri.

Aliyeokoa jahazi ni Torben, ambaye naye alikuwa akijilaumu. "Nilimwona kwa macho yangu, nikajua anakwenda kwake," anasema akipuliza kahawa. "Nikamwandikia huyo bwana: dada yako si mwongo, ni mjinga tu. Mimi ni shahidi."

"Mjinga ni wewe, uliniona na gauni hukuuliza!"

"Nilidhani umepata mchumba!"

Detlef alipiga simu juma lililofuata. Alicheka mpaka akakohoa, halafu wote wawili wakalia.

Anakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Amemkataza dada yake kwenda kumpokea uwanjani.

"Anasema nitapotea," anasema Wiebke, akifuta macho kwa mkono wa koti la kazi. "Kwa hiyo atashuka hapa hapa, zamu yangu ikiisha. Nitampandisha behewa la nyuma, nikae naye mpaka kwangu. Siku hiyo ndilo letu."

Treni nyingine inaingia. Anainuka, kiganja juu.